Aliyepona na Asiyepona Wahesabiwe Wote

(Hotuba kwa semina ya viongozi wa dini na wahudumu wa afya, imeandikwa kutokana na ilivyosemwa)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti wa semina, masheikh wetu, mapadre, wachungaji na mitume mliofika, mama zangu wa vikundi vya maombi, wauguzi wenzangu na WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao: nawashukuru kwa kunikaribisha. Swali nililopewa ni kama maombi na ibada huleta matokeo yanayoonekana. Nimeambiwa kamati ilibishana kama swali hili liletwe mbele ya viongozi wa dini, maana wapo walioona ni utovu wa adabu. Nafurahi kwamba mmelileta. Watu wanaokuja kwenu wakiwa wamekata tamaa ndio hao hao wanaokuja kwetu wodini, na mara nyingi wanapita kwenu kwanza. Tukinyamaziana sisi, wanaoumia ni wao.

Niseme mapema nilipo ili asiwepo wa kunishuku. Mimi ni muumini. Naomba kila siku na sitaacha. Kwa taaluma ni muuguzi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha takwimu za afya. Sijaona sababu ya kuficha upande mmoja nikiwa na watu wa upande mwingine.

Kuna maneno ya imani ambayo hakuna kipimo cha kuyapima, wala sioni haja. Mtu akisema kwamba Mungu alikuwa naye alipofiwa, nitamsikiliza na pengine nitalia naye. Muislamu akisema kwamba dua isiyojibiwa hapa duniani huwekwa akiba ya akhera, au kwamba imemkinga na shari asiyoijua, hakuna maabara ya kumjibu. Lakini mtu akibandika bango kwenye kituo cha daladala kwamba Jumapili hii wagonjwa wa kisukari, saratani na UKIMWI watapona, huyo amesema jambo kuhusu damu ya watu. Damu inapimwa. Ameingia mwenyewe, kwa hiari yake, kwenye eneo la hesabu, na akishaingia huko hawezi kudai aaminiwe bila kuhesabiwa.

Je, ni dhambi kupima? Najua mstari utakaoletwa: usimjaribu Bwana Mungu wako. Naomba mkumbuke pia kijana Danieli kule Babeli. Alipoogopeshwa kwamba asipokula chakula cha mfalme atadhoofika, hakuomba aaminiwe kwa maneno. Alisema yeye na wenzake wapewe mboga za majani na maji kwa siku 10, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana wanaokula chakula cha mfalme. Kuna muda uliowekwa kabla ya kuanza, kuna kundi la kulinganisha nalo, na anayeamua ni msimamizi wa mfalme, mtu asiye wa dini yake. Mimi nafundisha wanafunzi wa uuguzi mambo hayo hayo matatu.

Na masheikh wangu mtaniruhusu niguse kisa cha kupatwa kwa jua pale Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikirini: baba mwenye msiba, kiongozi anayehitaji watu waamini, anapewa muujiza na umati bila kuuomba. Akaukataa. Aliwaambia jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake, na mkiona hivyo basi swalini. Kila nikisoma kisa hiki nasimama hapo. Swala imebaki, tena imeamrishwa. Kilichoondolewa ni ushuhuda usio wa kweli, hata kama ungemfaa yeye mwenyewe. Mimi nadhani kisa hicho kingesomwa kabla ya kila mkutano wa uponyaji, wa dini yoyote.

Sasa twende Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Wengi mnaikumbuka, na baadhi yenu mlikwenda.

Katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema Mungu alimwotesha dawa. Ilikuwa mizizi ya mti wa mugariga, inachemshwa, na mgonjwa anakunywa kikombe kimoja, kwa mkono wa Babu, hapo hapo Samunge. Bei ilikuwa shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa ni UKIMWI, kisukari, presha, pumu na saratani. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Watu walilala porini siku kadhaa wakisubiri. Waliokuwa na uwezo walikodi helikopta. Walitoka Kenya na mbali zaidi. Viongozi wa serikali walipigwa picha wakiwa na kikombe mkononi. Vyombo vya habari viliripoti kwamba hadi mwisho wa mwezi huo zaidi ya watu 50 walikuwa wamekufa wakisubiri, wakiwemo wagonjwa waliotolewa hospitalini na ndugu zao ili wawahi kikombe.

Nataka tumtendee Babu haki, maana ameshatangulia mbele za haki tangu Julai 2021. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Wakati ule hakuwa na jumba wala msafara wa magari. Alisema waziwazi kwamba nguvu haitoki kwenye mzizi, inatoka kwa Mungu. Sina sababu yoyote ya kusema alidanganya, naamini aliamini. Na wataalamu waliotumwa na serikali waliangalia kama kinywaji chenyewe kina sumu, wakaona kwa kiasi kile hakina madhara.

Basi kilichokosekana ni nini? Daftari. Kwa wiki na wiki, maelfu ya watu walipita mahali pamoja, mbele ya mtu mmoja, kwa dawa moja na kipimo kimoja. Hakujawahi kutokea katika nchi yetu nafasi kama ile ya kujua ukweli kuhusu uponyaji. Angekaa mtu mmoja njiani akaandika jina la kila anayepita, ugonjwa, majibu ya kipimo cha mwisho na namna ya kumpata, kisha baada ya miezi 6 wakafuatwa wote, waliopona na wasiopona na waliozikwa, leo tusingekuwa tunabishana. Badala yake tulipokea ushuhuda wa aliyerudi akijisikia vizuri akapiga simu redioni. Aliyekufa hapigi simu redioni. Na ndugu zake, kwa aibu au kwa uchungu, nao hawapigi. Mchuuzi wa nyanya anayehesabu alizouza bila kuhesabu zilizomwozea ataamini kila jioni kwamba ana faida, mpaka siku atakapokosa mtaji wa kwenda sokoni.

Mtaniambia: lakini watu walijisikia nafuu kweli, hawakuigiza. Ni kweli, hawakuigiza. Mwenye presha akipumzika, akala kidogo, akaacha mawazo kwa siku chache, presha yake inaweza kushuka. Mwenye kisukari aliyekaa siku tatu foleni akila biskuti moja atapima sukari na kukuta imeshuka, kwa sababu hakula. Mwenye pumu huwa na wiki nzuri na wiki mbaya. Na mtu huenda kuombewa lini? Huenda siku amezidiwa. Ugonjwa unaopanda na kushuka, ukimwombea mtu siku umefika juu kabisa, siku zinazofuata mara nyingi atakuwa na nafuu hata kama hakuna aliyeomba. Hapo hakuna uongo wa mtu yeyote. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mkweli kabisa unaweza kutupoteza.

UKIMWI ndio uliotuumiza zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mtu anayetumia vizuri dawa za kufubaza VVU, wingi wa virusi kwenye damu yake hushuka mpaka mashine haivioni. Anapewa karatasi inayosema virusi havionekani. Ana uzito wake, ana nguvu, vidonda vimekauka. Akiombewa siku hiyo akaambiwa amepona, kila kitu anachokiona kwa macho kinakubaliana na maneno hayo. Anaacha dawa. Wiki ya kwanza hakuna kitu, na imani inaongezeka. Lakini virusi vilikuwa vimejificha ndani ya chembe za mwili ambako dawa haiviondoi, na kwa kawaida ndani ya wiki chache vinaanza kuzaliana tena. Yeye hajui, kwa sababu hajisikii chochote. Miezi inapita, pengine mwaka, ndipo magonjwa nyemelezi yanaanza.

Wodini nilikokuwa nafanya kazi miaka ile tuliwapokea. Walikuja na kifua kikuu, na homa ya uti wa mgongo, na wengine walikuja wakiwa wamechelewa mno. Kuna mama aliyemleta binti yake, akaniambia: "Alikuwa amepona kabisa, sijui kilichomrudia ni nini." Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba hakikuondoka. Sikuwa na hasira na imani yake yule mama. Hasira niliyokuwa nayo, na bado ninayo, ni kwa sisi tuliosoma tukanyamaza kwa kuogopa kuonekana tunampinga Mungu.

Sasa wapo waliojaribu kuhesabu, na ni haki mjue walichopata. Zamani sana, mwaka 1872, Mwingereza Francis Galton alisema hivi: kila Jumapili taifa zima linamwombea mfalme maisha marefu, basi tuangalie kama wafalme wanaishi muda mrefu kuliko matajiri wengine. Akakuta maisha yao ni mafupi kuliko ya wote aliowalinganisha. Hesabu yake haikunishawishi sana, kwa sababu maisha ya ikulu yana mambo mengi na dua za desturi si zote zinatoka moyoni. Lakini alifungua mlango.

Mwaka 1988 daktari wa moyo wa San Francisco, Randolph Byrd, alitoa matokeo ya wagonjwa 393 wa chumba cha wagonjwa mahututi wa moyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaombewa na Wakristo walioko nje ya hospitali, bila mgonjwa wala daktari kujua nani yuko kundi gani. Walioombewa walionekana kufanya vizuri zaidi. Utafiti huu umehubiriwa sana. Kinachoachwa kwenye mahubiri ni kwamba aliangalia mambo zaidi ya 20 na tofauti ilionekana katika mambo 6. Siku za kulazwa hazikupungua, wala idadi ya vifo haikuonyesha tofauti ya maana. Ukirusha nyavu zaidi ya 20, moja mbili zitatoka na samaki hata penye maji matupu, na mambo yale 6 yalikuwa yanahusiana: aliyepata moja alielekea kupata na jingine.

Na mjihadhari na huu mwingine. Mwaka 2001 ulitoka utafiti wa wanawake wa Seoul waliokuwa wakitafuta mimba kwa njia ya maabara. Ulisema walioombewa na watu wa mbali walishika mimba asilimia 50, na wasioombewa asilimia 26. Nimewahi kuusikia ukinukuliwa kwenye madhabahu. Mmoja wa waandishi wake alikiri makosa ya ulaghai mahakamani mwaka 2004, katika kesi nyingine, na profesa aliyekuwa ametajwa kama kiongozi wa utafiti aliondoa jina lake. Msiutumie. Kweli ya Mungu haina haja ya karatasi kama ile.

Utafiti mkubwa kuliko hizo ulitoka mwaka 2006. Uliongozwa na Herbert Benson wa Harvard, mtu aliyetumia maisha yake kutetea kwamba sala ina faida mwilini, na fedha zake nyingi zilitoka kwa Templeton Foundation, taasisi inayopenda dini. Nawaambia hayo ili asiwepo wa kusema ulifanywa na wapinga Mungu. Wagonjwa walikuwa 1,802 katika hospitali sita za Marekani, wote wakifanyiwa upasuaji wa moyo wa kupandikiza mshipa wa kuukwepa ule ulioziba. Waombaji walikuwa vikundi vitatu vya Kikristo, viwili vya Kikatoliki na kimoja cha Kiprotestanti. Walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14 kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji, kwamba upasuaji ufanikiwe na mgonjwa apone upesi bila matatizo.

Kundi la kwanza waliambiwa huenda mkaombewa, huenda msiombewe, na wakaombewa. Katika siku 30, asilimia 52 walipata tatizo mojawapo. Kundi la pili waliambiwa vivyo hivyo, na hawakuombewa: asilimia 51. Kwa hiyo hakuna tofauti. Kundi la tatu waliambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, na wakaombewa. Hao waliopata matatizo walikuwa asilimia 59.

Nimeiwaza namba hiyo ya tatu kwa miaka. Inawezekana ni bahati tu. Lakini watafiti wenyewe walijiuliza kama mgonjwa aliyeambiwa kwamba vikundi vya watu vinamwombea alishikwa na hofu: kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hicho? Ndugu zangu mnaowaita wagonjwa mbele, mkamshika mtu kichwa mbele ya watu elfu mbili na kipaza sauti, mmewahi kumuuliza baadaye moyo wake ulikuwa unasema nini? Kuna wanaoinuka hapo wakiwa wamebebwa. Kuna wanaoinuka wakiwa na mzigo mpya, kwamba wasipopona watakuwa wameiaibisha madhabahu, na watu watasema hawana imani. Huyo ataficha maumivu yake. Nimekutana naye mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Na tuuseme pia udhaifu wa utafiti ule, maana haki ni kwa pande zote. Hakuna aliyezuiwa kuombewa na mama yake. Wagonjwa wengi walikuwa na ndugu wanaowaombea, kwa hiyo kilichopimwa ni sala ya nyongeza, ya mtu asiyemjua mgonjwa, kwa maneno yaliyopangwa. Padre mmoja aliniambia kwamba hiyo si sala, ni zamu ya kazi. Labda. Lakini naye alikubali kwamba wale watawa waliomba kwa moyo, na kwamba kama matokeo yangekuja mazuri asingeyakataa kwa hoja hiyo.

Basi nikiishia hapo mtaondoka mkisema muuguzi amekuja kutuambia tuache kuomba. Hapana. Nimesema kwamba maombi ya mbali, yanapohesabiwa vizuri, hayajaonyesha badiliko kwenye mwili wa mtu asiyejua kwamba anaombewa. Yapo yanayoonekana, na yanaonekana kwa anayeomba mwenyewe na kwa wanaoomba pamoja.

Mwaka 2001, watafiti wa Italia walichukua watu wazima 23 wenye afya. Waliwasalisha Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakawapa pia maneno ya Kihindi ya yoga. Kwa njia zote mbili pumzi ilitulia ikawa kama mara 6 kwa dakika, na moyo na presha vikaanza kwenda kwa mpangilio mmoja, mwili ukiongeza uwezo wake wa kujirekebisha presha. Hakuna aliyewaambia wapumue polepole, urefu wa sala yenyewe ndio uliowapangia. Watu 23 ni wachache, na sitawaambia kwamba rozari inatibu presha. Lakini mama zetu wanaosali rozari alfajiri na wazee wetu wanaoleta uradi kwa tasbihi wanajua kwamba wakimaliza si wale walioanza, na hapa kuna mtu aliyeliona jambo hilo kwenye mashine.

Kikubwa zaidi ni kukusanyika. Wauguzi wa kike 74,534 wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka 16, kuanzia 1996. Waliokuwa wakienda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki, hatari yao ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiokwenda kabisa. Swali la kwanza la mwanafunzi mzuri ni hili: si kwa sababu mgonjwa hawezi kwenda kanisani? Watafiti walilifikiria hilo, wakazingatia afya ya mtu tangu mwanzo, na tofauti ikabaki. Sehemu yake ilielezwa na mambo tunayoyajua: waliohudhuria walivuta sigara kidogo zaidi, sonona iliwapata kidogo zaidi, na walikuwa na watu wa kuwashika mkono. Mtu asiyeonekana Jumapili mbili anatafutwa. Asiyeonekana swala ya Ijumaa anaulizwa hali. Jumuiya ndogondogo inajua nani amelazwa na nani hana unga. Hayo ni matokeo, na mimi siyaiti madogo. Kama kungekuwa na kidonge kinachofanya hivyo, wizara ingekinunua.

Ibada ikiwa na nguvu ya kufanya jambo mwilini, ina nguvu pia ya kudhuru, na wanaosema sala ni salama siku zote hawajakaa wodini mwezi wa Ramadhani. Utafiti wa wagonjwa wa kisukari 12,243 katika nchi 13, uliotolewa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari katika mwezi wa saumu kuliongezeka mara 7.5 kwa wenye kisukari cha aina ya pili, na mara 4.7 kwa cha aina ya kwanza. Sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Masheikh, nawasihi mwaambie wazee wetu hivyo kabla mwezi haujaandama, maana sisi wauguzi tukisema wanadhani tunawazuia ibada. Na kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, sina la kuongeza. Pale matokeo yalionekana, na aliyeyaona alikuwa anayechimba.

Kuna maombi ya taifa pia. Kenya ilipita misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020. Februari 2023 serikali ikaitisha siku ya maombi ya kitaifa kuomba mvua. Machi mvua ikanyesha, na watu wengi walisimulia kama jibu. Mimi nafurahi pamoja nao, waliokuwa wamepoteza ng'ombe walihitaji kufurahi. Lakini Machi ndio mwezi wa masika. Anayeomba mvua Februari ameomba karibu na mlango wake. Na mwisho wa mwaka huo huo El Nino ilileta mafuriko yaliyoua watu na kuharibu makazi. Tukisema mvua ya Machi ni jibu la maombi, tutawaambia nini waliofiwa Novemba?

Na sisi kwetu, Aprili 2020, hayati Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi dhidi ya korona. Taifa liliomba, wa dini zote, na naamini tuliomba kweli. Wiki chache baadaye takwimu zikaacha kutolewa, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Juni tukatangaziwa kwamba Mungu ametuondolea. Sina ugomvi na aliyeomba. Nasema tu kwamba ushindi ulitangazwa wakati hesabu imefungwa, na jibu la maombi lisilohesabiwa hakuna njia ya kulitofautisha na ukimya wa wafiwa.

Naomba mambo machache, na ni mambo ya kazi. Mnaofanya huduma ya uponyaji, wekeni daftari. Anayesema ameponywa aandikwe pamoja na kipimo chake cha kabla, na afuatwe baada ya miezi 3 na 6 kwenye kituo cha afya. Aandikwe na asiyepona. Ushuhuda wa ugonjwa unaopimwa usitolewe kwenye kipaza sauti kabla ya kipimo. Asiyepona asiulizwe imani yake ilikuwa wapi, kwa sababu hakuna mwenye haki ya kumuuliza hivyo mtu anayeteseka. Na mafuta, maji, udongo na vitambaa visigawiwe kwa namna ya watu kukimbilia. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyafuata mafuta yaliyomwagwa chini. Na lingine, lililo juu ya yote: asiwepo mtumishi wa Mungu, wa dini yoyote, anayemwambia mtu aache dawa. Hata akiwa na uhakika gani. Mungu anayeponya haoni wivu na kidonge.

Kwenye maswali, mchungaji mmoja kijana aliniuliza jambo ambalo naona liandikwe pamoja na hotuba. Alisema: "Nina muumini anayeishi na VVU. Tumefunga naye na kuomba. Amekwenda kliniki, karatasi inasema virusi havionekani. Anataka Jumapili hii asimame atoe ushuhuda kwamba amepona. Nimwambie nini?"

Nilimjibu hivi. Mwambie umefurahi naye, na mshukuruni Mungu pamoja, maana hiyo karatasi ni habari njema sana. Inamaanisha dawa zimevilaza virusi, na akiendelea hivyo hatamwambukiza mwenzi wake kwa ngono, na ana miaka mingi mbele. Mwambie pia, kwa upole na waziwazi, kwamba kutoonekana si kuondoka, na akiacha dawa vitarudi. Kama bado anataka kusimama, na kama yuko tayari hali yake ijulikane, asimame aseme ukweli wote: niliomba, nikapata nguvu ya kumeza dawa kila siku bila kukosa, na hii hapa karatasi. Hapo kanisani wapo wengine wanaoficha vidonge vyao, na huo ndio ushuhuda unaowahusu. Kisha muulize tarehe yake ya kurudi CTC, kliniki ya VVU, ni lini na kama nauli anayo. Kama hana, mfuko wa jumuiya yenu utoe.